Kiu ya Newala ni Kongwe Kuliko Roketi

  

Ndugu Waislamu, tangu India iliposhusha chombo chake Chandrayaan-3 karibu na ncha ya kusini ya mwezi, Agosti 23, 2023, kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi, Masasi na Newala, na wanaouliza si watu wa mzaha. Wanasema: Sheikh, hii ni akili gani? Watu wanatumia mabilioni kwenda kutafuta dalili za maji mwezini, na huku mama wa Newala anaamka kabla ya adhana ya alfajiri kutafuta ndoo moja? Je, hii si israfu iliyokatazwa?

Swali hili ni zito na halifai kujibiwa kwa kejeli. Anayeujua uwanda wa juu wa Makonde anajua kwamba ardhi yake ni ya mchanga, mvua ikinyesha inazama chini sana, na huko juu hakuna mto unaotiririka. Wazee wetu waliteremka mabondeni kufuata maji, kisha wakapanda mlima nayo kichwani. Ndugu zetu wa Masasi, walio chini ya uwanda, wana chanzo cha Mbwinji wanachochangia na Nachingwea. Lakini mtu wa Newala akisimama ukingoni analiona bonde la Ruvuma lote, na kuona si kunywa. Katika aya ya mwisho ya Surat Al-Mulk (67:30) Allah anatuuliza, maji yetu yakizama ardhini, ni nani atakayetuletea maji yanayobubujika? Wengine wanaisoma aya hiyo kama mfano tu. Newala wanaisoma kama habari za kijijini kwao.

Kuitazama mbingu si dhambi

Hata hivyo, tusikimbilie kuharamisha. Qur'an inawasifu wenye akili kuwa ni wale wanaotafakari umbo la mbingu na ardhi, kisha wakakiri kwamba Mola wao hakuviumba bure (3:190-191). Ipo pia aya ya Surat Ar-Rahman (55:33) ambayo wengi huitaja kuhusu safari za anga. Mimi siitumii kama hoja, kwa sababu wapo wafasiri walioiweka katika mambo ya Kiyama. Ile ya kwanza inatosha.

Isitoshe, Waislamu wa zamani walisoma nyota kwa haja za ardhini: kujua kibla kiko wapi, kujua wakati wa swala, kujua mwezi wa Ramadhani. Al-Biruni alipima ukubwa wa dunia na akashughulikia hesabu za kupata kibla cha miji. Na Al-Karaji, bingwa wa aljebra aliyeishi zama hizo hizo, miaka 1,000 iliyopita, aliandika kitabu kizima juu ya namna ya kuyatoa maji yaliyojificha chini ya ardhi. Kwao elimu ilikuwa moja. Mwenye kuhesabu nyota hakuona haya kuchimba kisima.

Na manufaa ya vyombo vya angani tumeyaonja wenyewe. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipokuwa bado baharini, watu wa Mtwara na Lindi walitahadharishwa mapema, kwa kuwa satelaiti zilikuwa zikikifuatilia. Kwa kudra ya Allah kimbunga kikaingia nchi kavu Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, kwa ndugu zetu, kikaua watu na kubomoa nyumba. Je, tungependa kukisubiri gizani? Kuhifadhi roho ni katika makusudio makubwa ya sheria yetu.

Nani kazuia maji ya Newala?

Sasa tuje kwenye kiini. Anayesema maji ya Newala yamekosekana kwa sababu watu wanakwenda mwezini, nampa hesabu mbili.

Hesabu ya kwanza ni ya miaka. Chombo cha kwanza kuzunguka dunia, Sputnik cha Warusi, kilirushwa Oktoba 1957. Kabla ya hapo watu wa Newala walikuwa na kiu, na serikali ya kikoloni ilikwishaanza kupandisha maji kwa mabomba katika uwanda wa Makonde. Kiu ya Newala ni kongwe kuliko roketi. Tangu hapo wamepita wakoloni, ikaja Uhuru, wakaja wafadhili, vikachimbwa visima vya Mitema, na bado tunazungumza habari ya ndoo.

Hesabu ya pili ni ya fedha. Safari ile ya Chandrayaan-3 iligharimu takriban dola za Marekani milioni 75. Mwaka mmoja kabla yake, Juni 2022, ilitiwa saini pale Ikulu ya Chamwino, Dodoma, mikataba ya mradi wa maji wa miji 28, na Makonde imo. Fedha zake ni mkopo wa dola milioni 500. Mkopo huo umetoka wapi? Umetoka Benki ya Exim ya India. Nchi ile ile tunayoilaumu kwa kwenda mwezini imetukopesha fedha za maji, zaidi ya mara sita ya gharama ya safari yake!

Sisemi India haina maskini. Inao wengi, na viongozi wake wataulizwa juu yao. Wala sisemi kila safari ya anga ni ibada. Wamarekani na Warusi walishindana kwenda mwezini kwa fahari na kutishana, na fahari haimnyweshi mtu. Unguja nayo iliwekewa kituo cha Wamarekani, ambacho Februari 20, 1962 kilikuwa miongoni mwa vilivyozungumza na John Glenn alipokuwa akiizunguka dunia. Kikafungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Elimu ilifanyika kwenye ardhi yetu, lakini haikuwa yetu.

Ninachosema ni hiki: aliyekwenda mwezini siye aliyezuia maji ya Newala. Kila msomaji anakijua kisima kilichozinduliwa kwa ngoma na hotuba, kikafa kwa kukosa kipuri. Anaijua michango ya maji ambayo hesabu yake haikusomwa mkutanoni. Hayo hayakutendeka mwezini. Yametendeka hapa, kwa mikono yetu, na amana iliyoliwa hapa itaulizwa Akhera.

Wajibu wetu

Wanazuoni, miongoni mwao Imam Shatibi, wamegawa maslahi ya watu katika daraja tatu: ya dharura, ya haja, na ya mapambo. Lililo la dharura hutangulia. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba Tanzania inajiandaa kurusha satelaiti yake. Rai yangu ni kwamba, ikiwa satelaiti hiyo itasaidia kujua mvua, mashamba na maji, tuiunge mkono, maana hiyo inaitumikia dharura. Ikiwa ni ya kutia bendera angani ili nasi tuhesabiwe, basi bomba la Newala litangulie.

Lakini tusiishie kunyoosha kidole Dodoma. Fedha za korosho zinapoingia, israfu iko mbali? Tazama sherehe za siku tatu mfululizo, zinazomalizika na deni dukani. Tazama misikiti inayowekewa marumaru na haina tangi la kuvunia mvua inayotiririka kwenye bati lake. Saad bin Ubada (r.a.) alipofiwa na mama yake alimuuliza Mtume (s.a.w.) ni sadaka gani iliyo bora, akaelekezwa maji, akachimba kisima kwa ajili ya mama yake. Uthman bin Affan (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma, ambacho maji yake yalikuwa yakiuzwa, akakiacha wazi kwa Waislamu. Wangapi kati yetu wamewekea wazazi wao waliofariki wakfu wa tangi?

Kisha watoto. Imam Ghazali katika Ihya aliwalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika fani moja ya dini na kuuacha utabibu bila Muislamu wa kuusimamia, hali ya kuwa ni fardhi kifaya. Leo mhandisi wa maji na mtaalamu wa miamba ni fardhi kifaya kwa watu wa Makonde. Kama hakuna hata mmoja, dhambi ni ya wote. Madrasa zetu zimhimize mtoto asome hisabati na fizikia kama zinavyomhimiza ahifadhi Juzuu Amma.

Na ule mkopo, ndugu zangu, si zawadi. Tutaulipa sisi na wajukuu zetu, maji yatoke yasitoke. Kwa hiyo tuhudhurie mikutano ya vijiji, tuulize bomba limefika wapi, pampu italindwa na nani, kipuri kitanunuliwa na mfuko gani. Kuuliza huko si fitina. Ni kuamrisha mema na kukataza maovu.

Tunamuomba Allah (s.w.) atupe elimu yenye manufaa, awape viongozi wetu hofu ya kusimama mbele Yake, na awanyweshe waja Wake wa Masasi, Newala na kila penye kiu. Wabillahi tawfiq.