Kinyago, Jina na Sitara: Suali la Kimaadili katika Picha za Lucybelle Crater

Waswahili husema kuwa uso umeumbwa na haya. Kauli hiyo inazua suali la kimaadili: je, msanii aufichapo uso wa mtu, humwondolea utu wake ama humsitiri? Makala haya yanalijadili suali hilo kwa kurejelea kazi ya Ralph Eugene Meatyard (1925–1972), mtengenezaji miwani wa Lexington, Kentucky, nchini Marekani, ambaye picha zake zinakaribiana na usurrealia kwa jinsi zinavyoufanya uhalisi wa kila siku uonekane kama njozi.

Katika The Family Album of Lucybelle Crater, kitabu kilichochapishwa mwaka 1974, mkewe Madelyn amevaa kinyago kilekile cha kikongwe katika kila picha isipokuwa ya mwisho. Kando yake yupo jamaa au rafiki mwenye kinyago kingine. Mandhari ni ya kawaida kabisa, lakini wote wanaitwa Lucybelle Crater.

Jina hilo lina asili ya kifasihi. Katika hadithi fupi ya Flannery O'Connor, The Life You Save May Be Your Own (1953), mama na bintiye wote wanaitwa Lucynell Crater. Binti ni kiziwi. Anaozwa kwa mapatano ya mamaye na mpita njia, kisha anatelekezwa mkahawani akiwa usingizini. Kukosa jina lake mwenyewe ni sehemu ya dhuluma hiyo: wengine humsemea, humwamulia, na hatimaye humwacha.

Meatyard anaugeuza uhusiano huo. Jina moja linapopewa kila mtu, halimdunishi yeyote. Mtazamaji naye, akinyimwa uso, hulazimika kumtafuta mtu katika mikono, mkao wa mabega na ukaribu wa miili miwili.

Yamkini msomaji atapinga kwamba mpiga picha ndiye mwenye mamlaka: huwavisha wenziwe vinyago ilhali yeye yuko nyuma ya kamera. Picha ya mwisho inalijibu pingamizi hilo. Meatyard, aliyekuwa akiugua saratani iliyomwua, anabadilishana na mkewe nguo na vinyago. Yeye ndiye Lucybelle sasa. Kwa mujibu wa picha hiyo, kumficha mtu kunakuwa sitara pale tu anayeficha anapokubali kufichwa naye. Pasipo sharti hilo, kinyago ni unyang'anyi wa uso, na mwenye kupaswa kuona haya ni aliyemvisha mwenziwe.