Sauti na Jina Lake

Je, mwanadamu huijua sauti yake kama ajuavyo kimo chake, au huichagua kama achaguavyo vazi? Swali hili laweza kuonekana kuwa la waimbaji peke yao. Lakini ndani yake limo jingine lililo zito zaidi: ni nani mwenye haki ya kumwambia mtu kuwa yeye ni nani?

Wanamuziki wa Ulaya wamezigawa sauti za wanawake katika mafungu makuu matatu: soprano iliyo juu, mezo-soprano ya kati, na alto ya chini. Soprano huimba, kwa kawaida, kutoka do ya kati hadi do iliyo oktavu mbili juu yake, ambako nyuzi za sauti hutetemeka mara zipatazo 1,046 kwa sekunde moja. Kwa hiyo wengi hudhani kuwa afikaye huko ni soprano, na asiyefika siye. Sivyo. Mwalimu makini huuliza mambo matatu: sauti hukaa wapi kwa raha bila ya kuchoka, ina rangi gani, nyepesi au nzito, na ipandapo, hugeuka wapi kutoka mwendo wa kifua kwenda wa kichwa. Noti ya juu kabisa ni mgeni tu. Mtu hajulikani kwa mgeni aliyelala kwake usiku mmoja, bali kwa wale akaao nao.

Hapa Unguja mizani ya sauti ni miwili. Katika Kanisa Kuu la Mkunazini, lililoanza kujengwa mwaka 1873 palipokuwa soko la watumwa, tenzi huimbwa kwa sauti nne. Soprano huitwa sauti ya kwanza, nayo ndiyo hubeba lahani. Tazama basi jinsi jina la mahali linavyogeuka kuwa cheo: msichana aliyewekwa sauti ya pili huona ameshushwa. Tena mara nyingi huwekwa huko kwa kuwa anajua kusoma noti, si kwa kuwa koo lake limetaka. Haja ya kwaya imevaa joho la maumbile.

Taarabu haikuuliza hivyo. Lahani ni moja, na ala huifuata sauti ya mwimbaji. Siti binti Saad, mfinyanzi wa Fumba aliyezaliwa na wazazi watumwa, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa katika santuri, na hakuna aliyemtaka kwanza aseme yu fungu gani. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa na sauti nene yenye mkwaruzo, ambayo mwalimu wa opera pengine angeihurumia. Dunia iliisikiliza hadi uzeeni mwake.

Je, mafungu hayo basi ni uzushi? Hapana. Anayelazimishwa kuimba kila siku juu ya makao ya sauti yake huumiza nyuzi zake, na maumivu hayo si ya kubuni. Ukweli wa mwili haufutwi kwa kuupenda uhuru. Wala hautoshi peke yake. Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, alisifika kwa kuimba juu kama tenori. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa sauti yake ya mazungumzo ilielekea kuwa ya baritoni. Mwaka 1987 aliimba pamoja na Montserrat Caballé, soprano wa Uhispania. Makao yake yalikuwa chini, safari yake ikawa juu.

Hapo ndipo nionapo jibu. Aina ya sauti hueleza pale mtu anapopumzikia. Haielezi thamani yake wala haimpangii mwisho wa safari. Mwalimu anao wajibu wa kuyajua makao hayo ili asimdhuru mwanafunzi, hasa kijana ambaye sauti yake haijatulia na hapaswi kuharakishiwa jina. Hana haki ya kuyageuza makao kuwa gereza, wala soprano kuwa daraja na alto kuwa adhabu. Na mwimbaji naye ana wajibu wake: kulisikiliza koo lake kabla ya kuisikiliza sifa. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Lakini ubawa hujulikana kwa kuruka, haujulikani kwa kupewa jina tunduni.