Nimkabidhi Nani Farasi Wangu?

Wengi wetu hatufugi farasi. Lakini anayemfuga hukutana mapema na swali linalomhusu kila aliyepewa dhamana: nani anafaa kumfundisha huyu niliyekabidhiwa, na kunifundisha mimi pamoja naye?

Wepesi ni kumtafuta anayeleta matokeo haraka. Farasi alikuwa mkaidi, sasa ametulia. Tutake nini tena? Tatizo ni kwamba farasi aliyeelewa hutulia, na aliyekata tamaa hutulia pia. Mtazame mwalimu wake anapomkaribia: je, masikio humgeukia mwalimu, au hulazwa nyuma?

Xenophon, Mgiriki aliyeandika juu ya farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alikwisha kuonya kwamba farasi asishughulikiwe kwa hasira, na kwamba kinachofanywa kwa kulazimishwa hakina uzuri. Hakusema farasi aachwe afanye apendavyo. Mnyama wa kilo 500 asiyetii aweza kuua mtu. Ila mwalimu mwema huvuta hatamu kidogo, na farasi akianza tu kuitikia, huilegeza papo hapo. Kule kulegezwa ndiko kunakomfundisha. Asiyelegeza humfundisha kwamba kutii hakuleti nafuu.

Lililo gumu zaidi latuhusu sisi wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Berlin, farasi aitwaye Hans alisifiwa kwa kujua hesabu: alijibu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alieleza kwamba Hans hakuhesabu. Alisoma mwili wa muulizaji, ambaye bila kujua alitikisika kidogo jibu lilipofikiwa. Muulizaji asipolijua jibu, Hans naye alishindwa.

Ikiwa farasi hutusoma hivyo, basi hofu yetu na hasira yetu humfikia kabla ya amri yetu. Kwa hiyo mwalimu anayefaa atamwambia mwenye farasi, "Tuanze na wewe." Na huyo ndiye tunayemkimbia.

Mkumbuke Balaamu katika Hesabu 22. Alimpiga punda wake mara tatu kwa ukaidi, kumbe punda amemwona malaika ambaye bwana wake hakumwona. Kama Balaamu angetafuta mwalimu siku ile, angetafuta mwenye fimbo nene zaidi, naye angempata.

Mithali 12:10 yatufundisha kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Jukumu hilo halihamii kwa mwalimu pamoja na ada. Kabla ya kulipa, omba umwone akifanya kazi na farasi anayekosea. Akikukataza kutazama, mrudishe farasi wako nyumbani.

Nasi tusiofuga farasi tunao watoto tunaowapeleka kwa walimu, na nafsi zetu tunazozipeleka kwa wachungaji. Tujiulize tunatafuta nini kwao: atakayetusaidia kumwona malaika njiani, au atakayetuazima fimbo?