Karatasi ni Amana ya Nani?

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyofichwa. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, ziko kazi ambazo watu huziona ndogo, kwa kuwa mwenye kuzifanya hukaa kimya, hana mimbari wala upanga, wala jina lake halitajwi sokoni. Mojawapo ni kazi ya mtunzaji wa nyaraka. Yeye hupokea makaratasi yaliyoandikwa na wengine, akayapangusa vumbi, akazitoa pini za chuma zisije zikayala kwa kutu, akayaweka kwa mpango ule ule aliouwacha mwenyewe, akayatia katika masanduku yasiyokuwa na asidi, kisha akaandika faharasa ili mwenye kutafuta apate. Baada ya hapo hungoja. Huenda akangoja miaka 30 asije mtu kuuliza. Na huenda siku moja akaja mtu mmoja, na kwa waraka mmoja ikarudi haki ya maiti.

Katika kazi hii kuna suali gumu, nalo ndilo lililotufanya tuuandike waraka huu. Mtu akiwekewa makaratasi yenye siri za watu waliodhulumiwa, na siri hizo zikawa zimepatikana kwa ujasusi, je, ayachome ili awasitiri wale watu, au ayafunge, au ayafungue ili dhulma ijulikane? Na kabla ya hilo liko jengine lililo shina lake: makaratasi hayo ni ya nani?

Tutalijibu kwa jambo lililotokea kweli, kwani ni wepesi mtu kutoa hukumu juu ya jambo la kudhania, na ni uzito kuitoa juu ya watu wenye majina na makaburi.

Katika Marekani liko jimbo liitwalo Mississippi. Mwaka 1954 Korti Kuu ya nchi ile iliamua kuwa kuwatenga watoto weusi na weupe katika skuli za serikali ni kinyume cha katiba. Wakubwa wa Mississippi hawakuridhika. Mwaka 1956 baraza la sharia la jimbo hilo likaunda tume, ikaitwa Tume ya Enzi ya Jimbo, na Gavana mwenyewe akawa mwenyekiti wake. Kwa dhahiri kazi yake ilikuwa kuilinda mamlaka ya jimbo isiingiliwe na serikali kuu. Kwa batini ilikuwa kuwapeleleza waliowadaia watu weusi haki za raia, na hatta waliodhaniwa kuwa wadai. Ikaweka majasusi, ikawalipa wapashaji khabari, ikaandika nambari za motokaa, na nani amekutana na nani, na nani adaiwa, na nani ana ila gani nyumbani mwake. Na miongoni mwa wapashaji khabari hao walikuwamo watu weusi pia, waliowauza jirani zao kwa fedha.

Mwaka 1973 Gavana mwengine alikataa kuitilia sahihi fedha ya tume, na mwaka 1977 ikavunjwa. Hapo ndipo suali letu lilipowajia watu wa jimbo lile. Wako waliotaka makaratasi yaangamizwe. Baraza likaamua yafungwe muda wa miaka 50, yaani mpaka mwaka 2027, yakakabidhiwa Idara ya Nyaraka na Historia ya Mississippi katika mji wa Jackson. Mwaka ule ule watetezi wa haki wakashitaki kortini wakitaka yafunguliwe, na daawa hiyo ikaenda zaidi ya miaka 20. Tarehe 17 Machi mwaka 1998 ndipo sehemu iliyo kubwa ilipofunguliwa: kurasa nyingi sana, na katika faharasa yake majina kiasi cha 87,000.

Basi tuzitazame raai zote tatu moja moja.

Raai ya kwanza ni kuyachoma. Mwenye kuisema husema hivi: upelelezi ni haramu, na aya ya 12 katika Sura ya Hujurat imekataza mahali pamoja dhana mbaya na kupelelezana na kusengenyana, basi makaratasi haya ni masengenyo yaliyoandikwa, na masengenyo hayawekwi sandukuni. Maneno haya yapendeza masikioni, walakini yamesahau jambo moja. Kisu kilichoua hakiheshimiwi na mtu, lakini kadhi hakitupi baharini kabla ya hukumu. Mwenye kukitupa hamsitiri aliyeuawa, amsitiri aliyeua.

Ushahidi wa haya ni khabari ya Medgar Evers. Mtu huyu alikuwa mtetezi wa haki za watu weusi katika Mississippi, na mwanawe wa kwanza alimpa jina la Kenyatta pamoja na jina lake jengine, kwa kuyastahi mapambano ya Kenya. Mwezi wa Juni 1963 alipigwa risasi nje ya nyumba yake mjini Jackson, akafa. Mshitakiwa, Byron De La Beckwith, alisimamishwa kortini mara mbili mwaka 1964, na mara zote mbili wale watu 12 wa baraza la hukumu, wote weupe, hawakuafikiana, na kesi ikalala. Mwaka 1989 baadhi ya makaratasi ya tume, nayo yangali yamefungwa, yalimfikia mwandishi wa gazeti, ikadhihiri kuwa tume, kwa fedha ya serikali, iliwasaidia kwa siri mawakili wa mshitakiwa kuwachungua watu wa baraza lile. Kesi ikafufuliwa, na mwaka 1994 Beckwith akahukumiwa kifungo cha maisha. Akafa mwaka 2001 hali ni mfungwa. Sisi hatusemi kuwa kuyatoa makaratasi kwa mlango wa nyuma ndiyo njia ya mtunzaji. Lakini lau yangalichomwa mwaka 1977, usingalikuwako mlango wa nyuma wala wa mbele.

Na khabari ya pili ni ya Clyde Kennard, mtu mweusi aliyekuwa askari, aliyetaka kuingia chuo cha weupe karibu na kwao. Mwaka 1960 alihukumiwa kifungo cha miaka 7 kwa shutuma ya kuhusika na wizi wa magunia matano ya chakula cha kuku, thamani yake dola 25. Akashikwa na saratani gerezani, akatolewa mwaka 1963, na mwezi wa Julai mwaka huo huo akafa. Makaratasi ya tume yalipofunguliwa yalionyesha namna alivyofuatwa na alivyokuwa akitafutiwa la kumwangusha. Mwaka 2006 korti ikaifuta hukumu yake. Kuitwa mwizi miaka 43 hali u chini ya ardhi si jambo dogo, na jina la mtu ni katika vitu ambavyo mauti hayavichukui.

Raai ya pili ni kuyafunga, na jina lake zuri ni sitara. Kumsitiri mtu ni jambo tukufu, na asiyejua thamani ya sitara hajui adabu. Lakini mtu husitiriwa kwa ila iliyo baina yake na nafsi yake na Mola wake. Dhulma aliyomfanyia mwengine si siri yake peke yake, kwani ina mwenyewe wa pili, naye ni yule aliyefanyiwa. Hebu utazame muda waliouchagua, miaka 50. Ni muda wa kutosha mtendaji afe kwa heshima zake na azikwe kwa kusifiwa, na mdhulumiwa naye afe akingali na shutuma shingoni. Hiyo ni nguo iliyokatwa kwa kipimo cha dhalimu, kisha akaambiwa mdhulumiwa kuwa ameshonewa yeye.

Raai ya tatu ni kuyafungua yote, ukurasa kwa ukurasa, bila ya kuuliza. Hii ndiyo raai ya watu wengi wenye hamaki ya haki, nasi twaipenda nia yao. Walakini miongoni mwa wale waliokwenda kortini walikuwamo wawili, nao walikuwa wamepelelezwa, walioogopa jambo hilo hilo. Jasusi huandika alilolisikia mlangoni, na alilolizua njiani, na alilolipenda mkubwa wake kulisikia. Na ndani yake mna nyumba za watu na wake zao na maradhi yao. Mwenye kuyatangaza hayo bila ya kipimo huifanya kazi ya jasusi mara ya pili. Jasusi alimwambia mkubwa wake. Mtangazaji auambia ulimwengu mzima, na khassa katika zama zetu hizi, kwani makaratasi hayo yametiwa katika intaneti tangu mwaka 2002, na mtu yeyote aweza kuyasoma akiwa nyumbani kwake.

Iko wapi basi kauli iliyo karibu na haki? Kwa raai yetu iko katika kulijibu lile suali la shina. Karatasi ya dhulma si ya aliyeiandika, ijapokuwa wino ulikuwa wake na mshahara ulikuwa wake. Wala si ya serikali iliyoirithi, wala si ya mtunzaji mwenye ufunguo. Ni ya yule aliyeandikwa. Na katika Sura ya Nisaa, aya ya 148, mna mafunzo ya jambo hili: kuyatoa maneno mabaya hadharani ni jambo lisilopendeza kwa Mwenyezi Mungu, illa kwa aliyedhulumiwa. Rukhsa amepewa yeye. Akitaka kusema, asizibwe kinywa. Akitaka kunyamaza, asisemewe.

Na korti ya kule, baada ya mashindano marefu, ilifuata njia iliyo karibu na hiyo. Kabla ya kufunguliwa makaratasi, mwaka 1997, yalitolewa matangazo katika magazeti kuwaita watu waje kuuliza kama majina yao yamo. Aliyeonekana kuwa ni mdhulumiwa alipewa khiyari: akitaka, jina lake lifutwe katika nakala itakayosomwa na watu, na akitaka, aongeze maneno yake mwenyewe ya kumrudi jasusi. Khiyari hiyo ya kufutwa hawakupewa waliokuwa wakiitumikia tume. Na walioomba kufutwa walikuwa wachache sana ukiwalinganisha na wingi wa majina. Wengi walichagua yabaki, kwani kwao wao kuandikwa na dhalimu kuwa adui yake kumegeuka kuwa shahada ya wema wao.

Yako na makaratasi ya namna nyengine, yaliyotolewa kwa ridhaa. Katika mji wa Nashville, kwenye chuo cha Fisk, bingwa wa elimu ya jamii aliyeitwa Charles S. Johnson alisimamia idara ya kuchungua mahusiano ya watu weusi na weupe, iliyoanzishwa mwaka 1942. Kutokana na kazi za idara hiyo ndipo ilipozaliwa mwaka 1966 nyumba ya nyaraka iitwayo Amistad Research Center, ambayo baadaye ilihamia New Orleans. Wachunguzi wa namna hii huenda majumbani wakauliza watu wanalipwa nini, wametendwa nini, wanaogopa nini. Na mwenye kuulizwa hujibu kwa kumwamini aliyemwuliza. Makaratasi hayo yanapomfikia mtunzaji, ile ahadi nayo humfikia, ijapokuwa yeye hakuwapo ilipotolewa. Mwenye kurithi sanduku amerithi na maneno yaliyosemwa wakati wa kulifunga.

Kwa hayo yote twaona kuwa mtunzaji ana wajibu wa mambo matatu.

La kwanza, asipunguze. Atakutana na karatasi inayomwaibisha mtu wa kabila lake au wa nyumba yake, kama walivyokutana wengine na majina ya weusi waliowauza weusi. Mkono utamwasha. Akiuondoa ukurasa mmoja kwa mapenzi, hana tena hoja kwa yule atakayeondoa 1,000 kwa bughudha.

La pili, asiongeze wala asisahihishe. Ripoti ya uwongo na ibaki kama ilivyo, lakini aandike kando yake ni nani aliyeiandika, na kwa amri ya nani, na kwa kutaka nini. Karatasi huweza kumsingizia aliyetajwa ndani yake, na papo hapo ikamshuhudia kwa kweli aliyeiandika.

La tatu, asijifanye mwenyewe. Ufunguo si milki. Akiulizwa na mdhulumiwa, au na warithi wake, asiwape majibu ya kuwazungusha. Na akiulizwa na mwenye udaku, asimfungulie kwa kutaka sifa.

Na usidhani, ndugu msomaji, kuwa haya ni mambo ya ng'ambo tu. Kitabu chetu kimemtaja karani. Aya iliyo ndefu kuliko zote ndani yake si ya Sala wala ya Saumu. Ni ya kuandikiana deni, na humo karani ameamriwa aandike kwa uadilifu, na imekatazwa yeye na shahidi wasitiwe madhara. Nawe huenda nyumbani kwako liko sanduku la marehemu baba yako, na ndani yake mna wasia wa watu, na barua za talaka, na daftari za madeni, na hati za mashamba ya mayatima. Kabla ya kutia kiberiti kwa kutaka nafasi, na kabla ya kuzisoma barazani kwa kutaka kicheko, jiulize: aliyeandikwa humu ni nani, na yeye angalitaka nini? Kama yuhai, mwendee. Kama amekufa, wako warithi wake. Na kama humjui, ihifadhi karatasi pahala pakavu, mbali na mchwa, mpaka aje mwenyewe.

Wallahu aalam.