Hisa na Hasara

Mtu wa mwambao anaposhauriwa kununua hisa, aghalabu huuliza mambo mawili. Je, si kamari hii? Na je, haina riba ndani yake? Madalali wa mjini huyacheka maswali haya, na hapo wanakosea, kwani ni maswali ya watu waliozoea biashara.

Majahazi yaliyajibu zamani. Mwenye mali alibaki nchi kavu, mwenziwe akasafiri na mali ile. Faida waligawana kwa fungu walilokubaliana tangu awali. Mali ikizama, mmoja alipoteza fedha zake, mwingine jasho lake. Mafakihi huuita ushirika huo mudharaba, na katika sharti zake, mwenye fedha hawezi kujidhaminia faida. Hisa ina ujirani na jambo hili: anunuaye ni mshirika wa kampuni, hakuikopesha. (Kampuni inauza nini, hilo ni swali jingine, nalo halina budi kuulizwa.)

Ama kamari huingia kwa mlango mwingine. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza robo ya Safaricom, hisa bilioni 10, kila moja kwa shilingi 5. Kima cha chini kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Watu ambao hawajapata kumiliki hisa hata moja walipanga foleni, na wengi wao walikopa benki. Maombi yakazidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa, hata waombaji wakarejeshewa sehemu ya fedha zao. Aliyekopa akawa amelipia riba fedha ambazo hazikumnunulia kitu. Mwezi Juni soko lilipofunguliwa, bei ilipita shilingi 7. Mapema mwaka 2009 ilikuwa chini ya shilingi 3.

Hapa ndipo penye uzito. Kampuni ile haikuwa imezama. Ilikuwa ikiuza maneno hewani kama jana. Lakini deni halikuwa mshirika. Benki haikushuka pamoja na bei, ilidai chake chote na mwezi wake. Hivyo mkopaji alikusanya pande mbili za hasara, ya mwenye mali na ya msafiri, juu ya kichwa kimoja. Na mara nyingi hata hakikuwa kichwa chake: palikuwa na karo ya mtoto, palikuwa na mke ambaye hakushauriwa. Watu hao waliingizwa chomboni wamelala.

Aliyenunua kwa akiba yake, akaziacha hisa zikae, aliiona bei ikivuka shilingi 40 mwaka 2021. Hakuwa na akili kumshinda jirani yake aliyeuza kwa shilingi 3. Jirani alikuwa na tarehe ya kulipa.