Kumnyima Mtu Kazi kwa Ajili ya Dini Yake

Twataka kulitazama jambo ambalo ndugu zetu wengi hulipita mbio, kwa kudhani ni la duka wala si la dini.

Tuseme mtu wa pwani, Muislamu, amekwenda Same kwa biashara. Amekodi ghala, anunua tangawizi ya Mamba na mpunga wa Ndungu, naye ataka karani wa mizani. Yuaja kijana wa Kipare ajuaye hesabu, asifiwaye uaminifu. Lakini ni Msabato, na tangu jua la Ijumaa kutua mpaka jua la Jumamosi kutua hashiki kazi. Je, yajuzu kumrudisha kwa ajili hiyo, na mahali pake akawekwa Muislamu aliye duni yake kwa hesabu?

Wasabato si wageni wa jana katika nchi ile. Wamisionari wao wa kwanza walitoka Ujerumani wakafika Giti, katika Upare ya Kusini, mwaka 1903. Walutheri wakashika Upare ya Kaskazini. Na Uislamu ulipanda milima hiyo pamoja na wafanyaji biashara wa pwani. Hatta leo ukoo mmoja wa Wapare huweza kuwa na watu wa madhehebu hizo zote, nao huzikana na kusaidiana.

Najua jawabu la haraka litakalotolewa barazani. Watasema: Sisi tulionewa kwanza. Wakati wa Waingereza shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misioni, na mtoto wa Kiislamu alichaguzwa baina ya kusoma na kuhifadhi dini yake. Mshahara wa serikali ulipimwa kwa rangi, Mzungu juu, Mhindi kati, Mwafrika chini. Mpaka Sheria ya Elimu ya 1969 ilipozitia shule hizo katika mikono ya serikali, wengine walikwisha kutangulia sana. Haya ni kweli, wala hatuyakanushi. Lakini yule kijana wa mizani hakuwako siku hizo, wala si yeye aliyetufungia mlango. Na Aya ya 8 ya Suratul Maida yatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki tuliyo nayo juu ya watu. Kama dhulma tuliyofanyiwa ilikuwa mbaya kwa kuwa ni dhulma, basi haiwi njema kwa kugeuza mkono uifanyao. Na kama haikuwa mbaya, twalia nini?

Kisha tazameni mafundisho yenyewe. Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyana alikuwa mkimbizi, hana ndugu wala mali. Katika Suratul Qasas, binti wa yule mzee alipomshauri babake amwajiri, alitaja sifa mbili tu: nguvu na uaminifu. Na Mtume wetu (s.a.w.) alipohama Makka pamoja na Sayyidna Abubakar, kiongozi waliyemwajiri kuwaonyesha njia ni Abdullah bin Uraiqit, mtu aliyekuwa bado katika dini ya Makureshi. Walimkabidhi ngamia wao na siri ya mahali walipojificha, na Makureshi wanawatafuta. Imam Bukhari ameipokea habari hii katika mlango wa ijara.

Wakisema: Ile ilikuwa dharura, twasema: Na iwe hivyo. Dharura ile ilikuwa ni kumpata ajuaye njia, na mwenye ghala haja yake ni kumpata ajuaye mizani. Akiweka asiyejua, mkulima aliyeshuka na mzigo wake kutoka mlimani hupunjwa, na wenye kupunja katika vipimo tumekwisha kusikia walivyoonywa.

Ziko kazi ambazo dini ni sharti lake. Imamu hawi ila Muislamu, na mwalimu wa chuo kadhalika. Hapo hapana ubaguzi, na sheria ya nchi yaafikiana nasi kwa kuruhusu kubagua pale ambapo kazi yenyewe yahitaji. Lakini mizani haina kibla.

Na sheria hiyo yafaa ijulikane, kwani matajiri wengi huiona ni habari ya mashirika makubwa tu. Katiba ya 1977, katika ibara ya 22, yampa kila raia haki ya kupata kazi kwa masharti ya usawa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, yamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa dini, kabila, mahali atokapo, rangi, jinsia, ulemavu na mengineyo. Na katika kifungu hicho mwenye kuomba kazi amehesabiwa sawa na aliyekwisha kuajiriwa. Shauri huanzia katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na mlalamikaji akitoa dalili za kutosha, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua.

Hapa ndipo penye hila. Tajiri atasema: Mimi simkatai kwa dini yake, namkatai kwa Jumamosi yake, na kanuni yangu ni moja kwa watu wote. Sheria imelitambua neno hili, maana imekataza ubaguzi wa moja kwa moja na ule wa kuzungukia. Nasi tulitambue kwa kujipima. Kama tajiri mmoja wa Moshi angeweka kanuni ya kwamba hapana mtu kutoka kazini Ijumaa adhuhuri, awe wa dini yo yote, je, tungesema kanuni hiyo ni sawa kwa wote? Tungejua mara moja imemlenga nani, ijapokuwa haikumtaja.

Tena sheria hiyo hiyo hairuhusu kumfanyiza mtu kazi ya kawaida zaidi ya siku 6 katika juma, na kupumzika saa 24 ni haki yake. Basi karani huyo, awe Msabato au awe nani, lazima apate siku moja. Kinachomgharimu tajiri kuifanya siku hiyo Jumamosi ni kupanga zamu tu: Ijumaa, wakati wa khutuba, Waislamu wote wa ghalani watakapokwenda msikitini, kijana abaki mizanini; na Jumamosi mmoja wao asimame mahali pake mpaka jioni.