Karatasi Ikishatoka Kiondoni

Miaka nenda miaka rudi, kutoka Mwingi hadi Kibwezi, nimewatazama kina mama wa vyama vya kuzungushiana pesa, na siku ya kura ni yale yale: wanachama 12, vikaratasi 12 ndani ya kiondo, na vikumbo vya kugombea kuchomoa mbele. Nawaelewa. Anayepata namba 1 mwezi wa Septemba ananunua mbegu za ndengu mapema, kabla mvua ya Oktoba haijashuka. Wa namba 12 atangoja karibu mwaka mzima na karo ikimdai. Nani asiyetaka kutangulia?

Lakini wanangu, foleni hiyo mnaigombania bure. Wa kwanza ana nafasi 1 kati ya 12. Wa pili, ili aipate namba 1, sharti mwenzake awe ameikosa, nafasi 11 kati ya 12, kisha yeye aichomoe katika zile 11 zilizobaki. Zidisha 11/12 kwa 1/11: ni 1/12 ile ile. Endelea hivyo mpaka kwa yule mwenye haya anayeokota karatasi ya mwisho. Naye ni 1/12.

Anayetia mchanga kitumbua ni yule anayefungua yake, ananuna, kisha anasihi: "Nilishika vibaya, niirudishe nichukue nyingine." Mnamwonea huruma, mnakubali. Haya, hesabuni. Aliyetangulia kuchomoa akiruhusiwa peke yake kurudisha mara moja, nafasi yake ya kupata namba 1 inakuwa 23 kati ya 144, na kila mmoja wenu anabaki na 11. Zaidi ya maradufu! Hakuiba; shida ilimsukuma, na shida nazijua. Ila msimu ujao watatu watataka kurudisha, minong'ono itaanza, waliokwisha kupokea wataacha kuchanga, na chama kitakufa na zamu za waliochelewa. Nimeona mashemeji wakipishana kisimani bila salamu kwa ajili ya kipande cha karatasi.

Kunjeni karatasi kwa namna moja, zihesabiwe mbele ya wote, na kila mtu ashike yake bila kuifungua mpaka kiondo kibaki kitupu. Na mwenye mgonjwa nyumbani aseme mapema, kabla ya kura. Mpeni namba 1 kwa kauli moja, halafu 11 waliobaki wachomoe 11 zilizobaki.